Moto Ulale Nje ya Kibanda

Leo naongea juu ya moshi. Si moshi wa matatu, tulia. Naongea juu ya moshi wa samaki, na vile vibanda vya mbao vya kukaushia samaki na nyama ambavyo sai kila mtu anataka kujenga nyuma ya nyumba.

Umeziona video. Mimi pia nimeziona, nyingi sana. Kijana ana msumeno, mbao mpya za saiprasi na muziki mtamu, na baada ya sekunde sitini kibanda kimesimama. Mlango unafungwa, moshi unatoka kwa paa, halafu tunaonyeshwa samaki wa rangi ya dhahabu. Imeisha. Watu wanaweka mioyo, wengine wanauliza, "Mbao ni ngapi?" Hakuna anayeuliza moto uko wapi.

Na hilo ndilo swali la maana. Mara nyingi moto uko ndani. Ni jiko la makaa au kopo la vijiti limewekwa sakafuni, chini ya samaki, kati ya kuta nne za mbao kavu. Yaani mtu amejenga sanduku la kuni, akaliwashia moto katikati, halafu akafunga mlango.

Maoni yangu ni haya, na nitayatetea mpaka mwisho: kibanda cha mbao si kibaya, lakini moto haufai kukaa ndani yake. Moto uwe na nyumba yake nje, moshi utembee kwa bomba kuingia kibandani. Kama huna nafasi wala pesa ya kuupa moto nyumba yake, usijenge kibanda. Nunua samaki kwa mama wa soko, umlipe vizuri, urudi nyumbani ule.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika, "Lakini shosho yangu alikausha nyama juu ya moto miaka yote na nyumba haikuungua." Ni kweli, na mimi sidharau shosho wa mtu. Kukausha chakula kwa moshi ni elimu ya zamani hapa kwetu. Pwani kuna samaki wa kubanika. Nyanza kuna aliya, ile nyama iliyokaushwa, na kuna kambare na kamongo wa moshi wanaosafiri mbali na ziwa bila barafu. Samaki mbichi kwa joto la Kisumu hakai. Ukimpa chumvi, ukamkausha na ukampiga moshi, unapata siku ambazo friji ingekudai stima ya kuzilipia.

Lakini angalia vizuri vile shosho alikuwa anafanya. Jikoni kwake moto ulikuwa mdogo, katikati ya mawe matatu, na sakafu ilikuwa ya udongo. Uchanja wa nyama ulikuwa juu sana, mbali na ndimi za moto. Na kitu cha muhimu kuliko vyote, yeye mwenyewe alikuwa hapo. Alikaa na ule moto mchana kutwa. Wewe unataka kuwasha saa mbili asubuhi, uende kuedit video, urudi saa nane upate samaki tayari. Hiyo si njia ya shosho. Umechukua moto wake ukaacha macho yake.

Na tusidanganyane kwamba njia yake haikuwa na bei. Nenda ufuo wowote wa ziwa wenye akina mama wanakausha samaki, simama upande ule upepo unaelekea kwa dakika kumi tu, halafu uniambie macho yako yanasemaje. Wao husimama hapo siku nzima, wengine na mtoto mgongoni. Kikohozi na macho mekundu wamezoea mpaka wanaona ni sehemu ya kazi. Kama sisi vijana tunaingia kwa hii biashara na simu na mbao mpya, angalau tusirithi ile shida pamoja na ujuzi.

Sasa tuongee juu ya hatari yenyewe, moja baada ya nyingine.

Ya kwanza unaijua: mbao zinashika moto. Lakini jua pia kwamba kibanda cha mwezi wa sita si kile cha siku ya kwanza. Mbao zimekauka zaidi kwa joto, na ukutani kumeshikana masizi meusi yanayong'aa, mafuta ya samaki na lami ya moshi. Hayo yote yanawaka. Ndiyo maana mtu anaweza kukwambia, "Mimi nimetumia hivi mara ishirini na hakuna kitu kimetokea," halafu mara ya ishirini na moja kibanda kinaenda. Ile mara ishirini ilikuwa inapaka kuta mafuta.

Ya pili ni matone. Samaki mnono akipata joto anadondosha mafuta. Moto ukiwa chini yake, kila tone ni kijiko cha mafuta juu ya makaa. Mwali unaruka, unagusa mkia wa samaki, unaendelea juu. Ukishtuka ukafungua mlango, umeuletea hewa. Ukimwaga maji juu ya mafuta yanayowaka, umeyarusha kila mahali. Moto kama huo unazimwa kwa kunyimwa hewa na kwa mchanga, na ni rahisi zaidi kama haukuwa ndani tangu mwanzo.

Ya tatu haionekani. Makaa yakikosa hewa ya kutosha yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta inashikana na damu kuliko oksijeni inavyoshikana nayo, mara zaidi ya mia mbili, na mwili unakosa hewa ukiwa unapumua vizuri tu. Kila msimu wa baridi, Juni na Julai, tunasikia habari za watu waliolala na jiko ndani ya nyumba iliyofungwa na hawakuamka. Kibanda cha moshi kimejengwa makusudi ili moto usiwe na hewa nyingi, juu tunataka moshi. Kwa hivyo kinatengeneza gesi hiyo hiyo. Usiingize kichwa ndani kuangalia samaki. Fungua mlango, rudi nyuma, ngoja moshi utoke kwanza. Na usikijenge kikiegemea ukuta wa chumba ambacho mtu analala, hata kama ni veranda na "kuna upepo".

Kuna wenye watasema basi tutumie gesi au koili ya umeme, ni safi. Hapana, si rahisi hivyo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Mwali ukizimwa na upepo ndani ya kibanda, gesi inajaa chini kimya kimya, ikingoja cheche. Koili nayo ukiiweka chini ya samaki inapata yale mafuta yale yale, na ile waya ya ekstensheni ya mia tatu haikutengenezwa kubeba mzigo huo masaa sita. Sheria haibadiliki kwa sababu umebadilisha aina ya moto. Kitu chochote kinachowaka au kuwa chekundu kikae nje ya mbao.

Sawa, basi unajenga aje? Nitakupa vile mimi ningefanya, na utaona pesa inaenda wapi.

Anza na jiko, si kibanda. Tafuta mahali wazi, mbali na nyumba, ua wa mbao, nguo za jirani na miti yenye matawi ya chini. Kama uwanja una mteremko, umebarikiwa: jiko liwe chini, kibanda kiwe juu kidogo, juu moshi moto hupanda wenyewe. Jenga sanduku dogo la matofali ya kuchomwa, lenye mlango wa chuma unaoweza kufungua na kufunga kidogo kidogo. Huo mlango ndio usukani wako. Hewa nyingi, moto mkali. Hewa kidogo, moshi mwingi. Shikanisha matofali kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, maana simiti ya kawaida hupasuka ikipigwa na joto kila siku. Usiokote mawe ya mtoni. Yana maji ndani, na yakipata moto yanaweza kupasuka kwa nguvu.

Kutoka kwa jiko, peleka bomba la chuma la mita mbili au tatu hadi kibandani, ulizike kwa udongo. Bomba refu linapoza moshi na linaangusha cheche na sehemu ya lami kabla hazijafika kwa chakula. Usitumie bomba la plastiki hata kidogo. Na hapa kwa jiko epuka mabati mapya yenye mng'aro wa zinki yakiguswa na moto moja kwa moja, juu zinki ikipata joto kali inatoa mvuke mbaya. Ukitumia pipa, uliza lilibeba nini. Pipa la mafuta ya kupikia, sawa, ukilichoma kwanza likiwa tupu na wazi mpaka rangi iishe. Pipa la kemikali kutoka kiwandani liache huko huko, hata ukipewa bure.

Sasa ndiyo kibanda. Mita moja kwa mita moja, urefu mita mbili hivi, inatosha familia na majirani. Chini weka mistari mitatu ya matofali, ndipo mbao zianze. Bomba liingie kupitia kwa matofali, lisiguse ubao popote. Juu ya mdomo wa bomba weka bamba la chuma, limeinama kidogo, ili mafuta ya samaki yateremkie kwa kopo pembeni na moshi utawanyike. Kwa paa acha tundu lenye kifuniko unachoweza kusogeza. Moshi unaokosa pa kutokea unakaa, unapoa, na kuacha uchungu kwa samaki. Moshi mzuri unatembea.

Mbao zenyewe ziwe ghafi. Si zile zimepakwa rangi au vanishi, si plaiwudi yenye gundi, na si mbao zilizotiwa dawa. Nguzo nyingi za stima na za ua hapa Kenya hutiwa dawa ili mchwa wasile, na dawa moja inayotumika ina shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Ukiona ubao una rangi ya kijani kijani, usijengee, na usithubutu kuuchoma kupata moshi.

Kuni za moshi ni somo lingine. Saiprasi na paini zinafaa ukutani, lakini zikichomwa utomvu wake unatoa moshi mchungu wenye masizi mengi. Tafuta mti mgumu uliokauka: mwembe, mpera, mgunga. Na kama uko Baringo au Turkana, una mathenge mpaka unachoka. Ule mti wenye tunautukana kila siku ni wa ukoo mmoja na meskiti, ambayo Wamarekani wa Texas wanaisifu kwa nyama ya moshi. Wao wananunua. Sisi tunaikata kwa hasira.

Mwisho, kipimajoto. Toboa mlango, kiingize hapo, usome bila kufungua. Bei yake si kubwa ukilinganisha na kibanda kizima. Kwa kibanda cha mbao mimi naweka mstari kwa nyuzi 80. Ikipita hapo, funga hewa ya jiko.

Hapo ndipo tunafika kwa ukweli ambao video hazitaki kusema. Samaki wa moshi lazima aive. Ndani ya nyama yake, mahali panene, joto lifike angalau nyuzi 63 na likae hapo nusu saa. Moshi uliopoa baada ya kutembea mita tatu hauwezi kufanya hivyo kirahisi. Watu wakiona samaki haivi, wanafanya nini? Wanahamisha moto ndani. Hii ndiyo siri ya ajali nyingi za aina hii: kibanda kinaulizwa kifanye kazi mbili, kupika na kutia moshi, na mwenye kibanda anaona moto karibu ndiyo njia fupi.

Zitenganishe hizo kazi. Tia samaki chumvi, mwache akauke juu kidogo, mpike kwa jiko lako la kawaida mpaka aive, ndipo umwingize kibandani saa moja au mbili kuchukua moshi na rangi. Kula siku hiyo au weka kwa friji. Rangi ya dhahabu si cheti cha kuiva. Samaki anaweza kuwa mrembo nje na mbichi ndani, na tumbo lako halijali vile alitokea kwa picha.

Wazo la kutenganisha sikulitoa hewani. Huko Thiaroye, Senegal, shirika la FAO na chuo cha mafunzo ya uvuvi walitengeneza tanuri ambalo samaki anaivishwa kwanza kwa makaa, mafuta yake yanakusanywa kwa trei, halafu moshi unaletwa baadaye kutoka mahali pake. Sababu kubwa ilikuwa kemikali zinazotokea mafuta yakidondokea moto, kama benzopairini, ambayo inajulikana kusababisha saratani. Ulaya inaruhusu mikrogramu 2 tu kwa kila kilo ya samaki wa moshi. Kwa hivyo moto ukikaa mbali, unalinda kibanda, unalinda mapafu ya mpishi, na unalinda yule anayekula.

Na kama wewe hutaki mchezo wa wikendi, unataka biashara, ukaushe samaki wengi kila siku? Basi nakwambia wazi: achana na kibanda cha mbao. Jenga tanuri la udongo la Chorkor. Lilipata jina kwa mtaa wa wavuvi huko Accra, Ghana, ambapo karibu mwaka wa 1970 wanawake wakaushaji na watafiti walilitengeneza pamoja. Kuta ni za udongo au matofali, moto uko chini, na trei za waya zenye fremu za mbao zinapangwa moja juu ya nyingine, hata 15, mpaka zenyewe zinakuwa bomba la moshi. Fremu inakaa juu ya unene wa ukuta, mahali mwali haufiki. Ona hiyo akili. Hawakukataza mbao. Waliipangia mahali pake na moto mahali pake.

Hii ndiyo sababu ninakasirika kidogo na sisi wenye tunatengeneza video. Tunajua sehemu ya mbao inavutia, sehemu ya matofali na udongo inachosha, kwa hivyo tunaikata. Lakini mtazamaji wetu ni nani? Ni kijana wa miaka kumi na saba, anakaa ploti ya mabati yenye vyumba ishirini vimeshikana, na ana elfu mbili za kuanzia. Yeye hana uwanja wenye mteremko. Atafanya kile ameona, pale alipo. Kibanda chake kikishika, hakiungui peke yake. Ploti nzima inaenda, na vyeti vya shule, na cherehani ya jirani, na pengine mtoto aliyekuwa amelala.

Kwa huyo kijana sitasema "jaribu tu kwa uangalifu". Nitasema, boss, kwa ploti usijenge. Si kwamba huna akili ya kujenga; huna mita za kutosha kati ya moto wako na kitanda cha mwenzako. Tafuta watu watano, mtafute shamba la ndugu ya mmoja wenu, mjenge huko tanuri moja la udongo mtumie kwa zamu. Au anza kwa kuuza: nunua samaki wa moshi kwa wanaojua, uwapeleke mtaani kwenu. Hiyo pia ni biashara, na haihitaji kiberiti.

Kwa mwenye nafasi, jenga. Nusu ya pesa iende kwa jiko na bomba kabla hujanunua ubao wa kwanza. Siku ya kuwasha, weka ndoo mbili za mchanga na maji ya kutosha karibu, waambie majirani, na mtu mmoja mzima abaki hapo mpaka majivu yapoe kabisa. Hiyo "mpaka yapoe" naisisitiza, juu makaa yaliyofunikwa na majivu yanaweza kuamka usiku wa manane wakati wewe unapost picha za samaki.

Na ukirekodi, tafadhali anza na moto. Tuonyeshe matofali, udongo kwa mikono, mlango wa chuma, umbali umepimwa kwa futi. Video itakuwa ndefu, na labda itapata mioyo michache. Lakini kuna mtu atapima uwanja wake, aone hautoshi, aache. Huyo hutawahi kumjua, na hatakuandikia asante. Mrekodie hivyo hivyo.